Maji ya mto mwingine yakiletwa kwa mfereji, je, yanaweza kutuletea gugumaji? Naomba ushauri kabla ujenzi haujaanza

Katibu wa Bonde (Lindi)

Wakubwa wote shikamooni, na wenzangu nawasalimu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga na mboga katika bonde la Mto Lukuledi, upande wa Lindi. Kwa muda sasa tumekuwa tukizungumza kijijini juu ya mpango wa kuvuta maji kutoka mto ulio nje ya bonde letu ili kujaza bwawa litakalotuvusha kuanzia Juni hadi Novemba, miezi ambayo huku kwetu mvua huwa imekwisha na bustani za mabondeni hutegemea ndoo na mgongo. Mpango bado uko katika hatua ya mazungumzo na upimaji. Katika mchoro tuliooneshwa kuna pampu kwenye dakio, yaani mahali pa kuchotea maji mtoni, kuna bomba la kupandisha maji hadi mgongoni mwa kilima, kisha mfereji wa wazi wa kilomita kadhaa unaoteremka hadi bwawani, na kutoka bwawani mifereji midogo inaingia mashambani.

Katika kikao cha mwisho mzee mmoja aliyewahi kuishi Mwanza alisimama akauliza, "Mmeangalia ni majani gani yamo katika huo mto?" Wengi walimjibu kwamba maji ni maji, kwamba hata mto wetu una matete na mayungiyungi ambayo hayajamdhuru mtu, na kwamba atakayechelewesha maji kwa ajili ya majani hakitakii kijiji mema. Mzee akaketi. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kikao kile, na swali lake limebaki katika daftari bila jibu. Linanisumbua, kwa sababu wakati wa kutoa ridhaa ukifika, nitatia saini kwa niaba ya kaya zilizonipa dhamana.

Kwa hiyo ninaomba wanaojua wanieleze. Ni kweli kwamba mmea wa majini unaweza kupita kwenye pampu na bomba ukafika mzima upande wa pili? Je, mfereji wa wazi na bomba vina hatari sawa? Mmea wa aina hiyo ukishaingia bwawani, unaweza kung'olewa ukaisha? Na kama kuna uchunguzi unaopaswa kufanywa, tumwombe nani, na kabla ya hatua ipi?

Mwalimu wa Baiolojia (Masasi)

Ndugu Katibu, marahaba. Swali la mzee wenu ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza, nami ninamheshimu kwa kuliuliza mbele ya watu wenye kiu ya maji. Nitajibu kwa urefu.

Tuanze na ramani ya kwetu. Mito yetu mikubwa ya kusini, yaani Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru na Matandu, kila mmoja huingia Bahari ya Hindi kwa mdomo wake. Mmea unaoelea wa maji yasiyo na chumvi hauwezi kutoka mdomo wa Ruvuma, ukapita Mtwara na Mikindani, ukafika ghuba ya Lindi na kupanda Lukuledi, kwa kuwa maji ya chumvi huua mimea hiyo njiani. Bahari kwa upande mmoja, na nyanda za juu za Makonde, Rondo na kwingineko kwa upande mwingine, vimekuwa ukuta unaotenga mto na mto tangu zamani sana. Mradi unaovusha maji kutoka bonde moja kwenda jingine hutoboa ukuta huo. Sisemi usitobolewe, maana watu wanahitaji maji; ninasema anayetoboa ukuta ana wajibu wa kujua nini kiko upande wa pili.

Sasa kuhusu mmea kupita kwenye pampu. Mtu akifikiria gugumaji, huona lile jani pana lenye bua lililovimba kama kibofu na ua la zambarau, akasema kitu kikubwa kiasi kile hakiwezi kupita kwenye bomba. Ni kweli, mmea mzima haupiti. Lakini gugumaji huzaa mbegu ndogo sana kwa wingi, na mbegu hizo huweza kukaa katika tope miaka 15 au zaidi zikiwa hai, zikisubiri maji ya kina kifupi na mwanga. Kuna mmea mwingine uitwao salvinia, wa jamii ya makangaga, wenye majani madogo yenye vinyweleo, ambao hauzai mbegu zinazoota kabisa. Huo huenea kwa vipande tu. Mapanga ya pampu yakiukata, kila kipande chenye jicho lake huweza kuwa mmea kamili, na katika maji ya joto yenye rutuba wingi wake huongezeka maradufu kwa siku chache. Kuna pia haidrila, unaoota chini ya maji na kuacha vinundu kama viazi vidogo ndani ya tope. Hivyo kuna unaosafiri kwa mbegu, kuna unaosafiri kwa kukatwa, na kuna unaosafiri kwa tope, na hatua inayozuia mmoja inaweza kumpitisha mwenzake.

Wapo watakaosema haya ni ya vitabuni. Afrika Kusini walichimba mtaro wa chini kwa chini, wenye urefu wa karibu kilomita 83, kupeleka maji ya Mto Orange, unaoelekea Bahari ya Atlantiki, hadi bonde la Mto Great Fish unaoelekea Bahari ya Hindi, nao ukakamilika mwaka 1975. Samaki wa Orange ambao hawakuwamo katika Great Fish walipita humo wakahamia. Tena mto ule uliokuwa ukikauka kwa msimu ulianza kutiririka mwaka mzima, na nzi wadogo weusi waumao mifugo, wanaopenda maji yanayotiririka bila kukatika, wakaongezeka hadi kuwa kero kwa wafugaji. Mfano huu si wa mimea, lakini nimeuleta kwa sababu ya jambo la pili: hata kama hakuna kiumbe kilichovuka, kubadilisha mwenendo wa maji kunakipa nafasi kiumbe kilichokuwapo kikiwa dhaifu. Bonde lenu lina ukame wa miezi sita unaoua mambo mengi. Bwawa linalojaa mwaka mzima litauondoa ukame huo kwa mpunga, na litauondoa kwa magugu pia.

Jambo hilo lilionekana wazi katika bwawa la Kariba, kwenye Mto Zambezi. Bwawa lilipoanza kujaa mwishoni mwa mwaka 1958, miti na majani yaliyofunikwa na maji yalioza na kuachia rutuba nyingi. Salvinia ikaonekana mwaka 1959, na kufikia 1962 ilikuwa imetanda takriban kilomita za mraba 1,000, zaidi ya sehemu moja ya tano ya uso wa ziwa lile. Baadaye rutuba ilipopungua mmea nao ulirudi nyuma. Kwa hiyo miaka ya mwanzo ya bwawa jipya ndiyo ya hatari kubwa kuliko yote, na bahati mbaya ndiyo miaka ambayo watu huwa bado wanafurahia maji na hawaangalii kingine.

Kuhusu wapi pa kutazama, msitazame dakio peke yake. Gugumaji liliingia Ziwa Victoria kwa kuteremka na Mto Kagera kutoka nchi za juu, mwishoni mwa miaka ya 1980; lilipoonekana ziwani lilikuwa limekwisha safiri mbali. Tena katika nchi yetu halikuanzia huko, kwani tangu miaka ya 1950 lilikuwa limeonekana katika Mto Sigi na Mto Pangani. Ikiwa mto wa kuchotewa ni Ruvuma au tawi lake, mkumbuke kwamba sehemu kubwa ya maji ya Ruvuma hutoka ng'ambo, Msumbiji, kupitia Mto Lugenda, ambao unatokea upande wa Ziwa Chiuta mpakani mwa Malawi. Na Malawi gugumaji limekuwa tatizo la miaka mingi katika Mto Shire, likiziba mitambo ya umeme. Shire ni mto wa bonde jingine, hauingii Ruvuma, lakini umbali kati ya mabonde hayo si mkubwa kwa mtumbwi uliopakiwa kwenye gari au wavu wenye vipande vya majani.

Msije mkachukia kila mradi wa maji. Miradi yetu mingi ya kusini huchota maji ya visima virefu, kama Mitema, yanakotoka maji yanayopandishwa kwenda Newala na Tandahimba, au Ng'apa kwa mji wa Lindi. Maji ya chini ya ardhi hayabebi gugumaji, kwa hiyo huko hofu hii haina mahali. Hatari yenu inatokana na mambo matatu kukutana: maji ya juu ya ardhi, yasiyotibiwa, yanayomwagwa katika bwawa lililotulia. Likitolewa moja kati ya hayo, habari inabadilika.

Kuhusu kung'oa, nitawaachia walioshuhudia kwa macho.

Fundi wa Dakio

Nimefanya kazi ya pampu na madakio kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaongezea palipo upande wangu. Katibu ameuliza kama mfereji wa wazi na bomba vina hatari sawa. Havifanani, lakini ningependa aelewe kwamba kinachotofautisha hasa ni mahali ambapo maji yanatibiwa.

Chukua mfano wa mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009 na ambao baadaye ulifikishwa hadi Tabora, Nzega na Igunga. Ule ni mradi mkubwa wa kuvusha maji kutoka bonde moja hadi jingine, na ziwa linalochotwa lina gugumaji. Lakini maji yanachujwa na kutiwa dawa pale pale Ihelele, kando ya ziwa, kabla ya kusukumwa kwenye bomba. Kinachosafiri ni maji safi ndani ya bomba lililofungwa, na mwisho wake ni bombani kwa mwananchi. Mradi kama huo ungeweza kubuniwa kinyume, maji mabichi yakasafirishwa kwanza na kutibiwa yakishafika, na ingetosha bomba moja kupasuka njiani karibu na bwawa la ng'ombe ili mambo yaharibike. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhandisi wenu liwe hili: maji yanachujwa upande gani, wa kuchotea au wa kupokelea?

Najua kwamba kwa umwagiliaji hakuna atakayewajengea mtambo wa kutibu maji kama ya kunywa, kwa kuwa gharama hairuhusu. Hata hivyo kuna mambo ya ujenzi ambayo hayaongezi gharama nyingi yakiingizwa katika mchoro mapema, na ambayo huwa ghali mno yakidaiwa baada ya zege kumwagwa. Mdomo wa dakio uwekwe chini ya uso wa maji, maana gugumaji na salvinia huelea. Mbele yake pawe na kizuizi kinachoelea, kilichofungwa mshazari ili takataka zisukumwe na mkondo kuelekea pembeni badala ya kurundikana mdomoni. Nyuma ya vyuma vya chujio pana, ambavyo kazi yake ni kulinda pampu tu, pawe na wavu wa matundu madogo unaoweza kutolewa na kusafishwa. Kisha, kabla ya maji kupanda kilima, pawe na chumba cha kutulizia tope. Tope ndilo hubeba mbegu, kama Mwalimu alivyosema, na tope likituama upande wa kuchotea litabaki huko huko.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona zaidi ya mara moja, na linatendwa na watu wenye nia njema. Wavu ukishaziba, mlinzi huusafisha kwa kuupiga kandokando ya mfereji, au huosha chujio na kuyaachia maji hayo yafuate mengine kwenda bwawani. Kazi yote ya wavu inapotea hapo. Takataka za chujio zirudi mtoni zilikotoka, au zitandazwe juani mbali na maji hadi zikauke kabisa.

Naongeza moja ambalo wahandisi hulisahau na wakulima hulipenda wakielezwa. Mfereji ujengwe kwa namna ambayo unaweza kufungwa na kukaushwa wote kwa wiki mbili au tatu kila mwaka. Mimea inayoelea haistahimili jua kali juu ya zege kavu. Mbegu hazitakufa zote, lakini chochote kilichoanza kuota kitakufa, na mtapata nafasi ya kuona kwa macho kilichokuwa kimejificha.

Nisiwadanganye: wavu haumalizi hatari. Mbegu ndogo hupita. Wavu unanunua muda na unapunguza idadi ya vinavyovuka, na mmea mmoja ukionekana mapema ni kazi ya mtu mmoja na fimbo ndefu.

Mama wa Bustani (Mtwara Vijijini)

Wapendwa, mimi nauliza kwa nia njema. Nimesikia kwamba huko Ziwa Victoria gugumaji linasukwa vikapu na viti, linatengenezwa mbolea, na wengine wanalitumia kuzalishia gesi ya kupikia. Sisi akina mama wa huku hatuna malighafi za kutosha. Je, si vyema likija tukalitumia?

Mvuvi Mstaafu (Kilwa)

Mama wa Bustani, umeuliza swali ambalo hata sisi tulikuwa tukiulizana ufukweni, kwa hiyo acha nikujibu kwa niliyoyaona.

Mimi ni mtu wa Kilwa, lakini nilivua upande wa Mwanza katika miaka ya 1990, wakati gugumaji lilipokuwa katika nguvu zake. Mwaka 1998 lilikuwa limefikia kilele, takriban hekta 20,000 katika ziwa zima. Takwimu hiyo niliisikia baadaye. Wakati ule nilichojua ni mwalo wetu. Jioni unauacha maji meupe. Usiku upepo unageuka. Asubuhi unakuta uwanja wa kijani kutoka miguuni pako hadi mbali, umesukumwa ukashikana, na mitumbwi iliyolala majini haionekani. Tulikuwa tukikata njia kwa mapanga, watu sita kwa mtumbwi mmoja, na upepo ukigeuka tena njia inajifunga nyuma yetu. Nyavu zilizotegwa jana zilizolewa na visiwa hivyo vya majani, na hatukuziona tena. Chini yake maji yananuka, samaki wanapungua kwa kukosa hewa, na konokono wanaobeba kichocho wanapata kivuli cha kuzaliana. Sisi wa pwani ya kusini tunakijua kichocho tangu utotoni, sina haja ya kukieleza.

Ndiyo, viti vilisukwa, na viti vizuri. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa mmea ule ni maji. Ukibeba tani nzima kutoka ziwani, ukiikausha unabaki na fungu la kubeba kichwani. Wasukaji wote wa ufukwe ule, kwa bidii yao yote, hawakuweza kulifikia lililoota wiki ile tu. Tena wanaolitafuta kwa biashara hulihamisha likiwa bichi, nalo likidondoka kwenye dimbwi njiani linaota. Kama unataka malighafi, Mama, ukindu tunao na mikorosho tunayo, usitamani hii.

Kuhusu kulimaliza: tulilivuta kwa mikono, zikaja mashine za kukata, halikwisha. Kilicholirudisha nyuma hasa ni wadudu wadogo aina ya fukusi, wenye asili ya Amerika Kusini kama mmea wenyewe, wanaolila hilo na si mazao. Waliachiliwa upande wa Uganda mwaka 1995, na kwetu na Kenya mwaka 1997. Ikasaidiwa na mvua na mawimbi ya El Nino. Ilichukua miaka, na halikuondoka kabisa. Hadi leo linarudi rutuba ya maji taka ikizidi. Sasa nasikia salvinia nayo imeingia katika ziwa lile lile.

Katibu, yule mzee wenu mpe salamu zangu. Ninajua kwa nini alisimama.

Mwalimu wa Baiolojia (Masasi)

Ninamshukuru Mzee wa Kilwa. Naongeza neno moja juu ya fukusi, ili mtu asidhani kwamba ni dawa ya kuweka akibani. Kila mmea una mdudu wake. Yule anayekula gugumaji hali salvinia. Wa salvinia ni mwingine, aliyejulikana baada ya mafanikio yake huko Australia mwaka 1980. Kuwaingiza nchini au kuwahamisha ni kazi ya taasisi yenye mamlaka, baada ya vipimo, na haifai mkulima kuomba chupa ya wadudu kwa rafiki. Vilevile msishawishike kumwaga sumu ya magugu bwawani. Majani mengi yakifa kwa pamoja huzama na kuoza, nayo huzimaliza hewa za maji, mbali na kwamba maji yale yale ndiyo mnayonyweshea mboga.

Kuhusu swali la nani aombwe: kwa kuwa maji yanachotwa mtoni, lazima kuwe na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde, na kwa upande wetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi ya aina hiyo, na ndani ya tathmini kuna nafasi ya wananchi kutoa maoni. Maoni hayo yaandikwe. Mwandike wazi kwamba mnaomba mimea ya majini ya mto wa kuchotewa, kutoka dakioni kwenda juu, iorodheshwe katika msimu wa mvua na wa kiangazi, kwa sababu mafuriko huteremsha vitu ambavyo Septemba havionekani. Mkiona mmea mgeni, taarifa iende pia kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Yote haya yafanyike kabla ya mchoro wa mwisho kupitishwa. Baada ya hapo mtakuwa mnaomba hisani.

Katibu wa Bonde (Lindi)

Nawashukuru wote kwa dhati. Juzi nilikwenda mtoni kule tunakotarajia kuchota, pamoja na mzee aliyeuliza swali na kijana mmoja wa kikundi. Tulitembea kando ya mto kuelekea juu kwa saa tatu hivi. Gugumaji hatukuliona, wala majani madogo yenye vinyweleo. Lakini katika kona moja ambapo maji hayaendi kasi tulikuta mimea inayoelea iliyokaa kama saladi, majani ya kijani hafifu yenye mikunjo, mizizi imening'inia kama ndevu. Mzee hakuufahamu. Kijana alitaka kuuweka katika mfuko wa nailoni atuletee kijijini tuuoneshe kikaoni, nami nikamzuia kwa kuwa nilikuwa nimeshasoma maneno yenu.

Ninayo maswali mawili yaliyobaki. Mmea huo ni nini, na je, unatosha kutufanya tukatae? La pili ni kwamba mpango una kipengele cha kupandikiza vifaranga vya perege bwawani, vitakavyoletwa kutoka mbali. Je, hapo pia kuna njia ya magugu?

Mwalimu wa Baiolojia (Masasi)

Ulifanya vyema sana kumzuia kijana.

Kwa maelezo yako, mmea huo unaelekea kuwa wa kundi la mimea liitwalo Pistia. Huo uko Afrika tangu zamani sana, na wataalamu wenyewe hawakubaliani juu ya asili yake, kwa hiyo kuuona katika kona ya mto unaotiririka si msiba. Mto una mafuriko yanayousomba kila mwaka. Lakini bwawa lenu halitakuwa na mafuriko ya namna hiyo, na katika maji yaliyotulia yenye mbolea ya mashamba mmea huu hutanda karibu kama gugumaji. Tena kuna mbu wa aina ya Mansonia ambao viluwiluwi vyao huvuta hewa kwa kujichomeka katika mizizi ya mimea kama hii, hivyo havihitaji hata kupanda juu ya maji, na mbu hao huuma kwa ukali. Jibu langu ni kwamba mmea huu si sababu ya kukataa maji, ila ni sababu ya kutosha ya kudai kizuizi kinachoelea, wavu na chumba cha kutuliza tope alivyovieleza Fundi, na vyote viandikwe katika mchoro kwa jina.

Vifaranga ni njia, naam, na ni njia inayosahauliwa kuliko zote. Maji ya kusafirishia vifaranga yasimwagwe bwawani. Vifaranga viwekwe kwanza katika tangi la maji ya kisima, vihamishwe kwa wavu mdogo safi, na yale maji ya safari yamwagwe juu ya ardhi kavu mbali na mfereji. Hali kadhalika mashine za kuchimba: tingatinga lililotoka kufanya kazi katika mto mwingine lioshwe tope lote la minyororo kabla halijakanyaga bonde lenu, na sharti hilo liwekwe katika mkataba wa mkandarasi.

Kwa ajili ya kikao, usibebe mmea ukiwa hai. Rudini mkaupige picha, moja ya jani kwa karibu pamoja na rula au sarafu pembeni, nyingine ya mizizi, na ya tatu ya kona nzima ya mto. Kisha mchukue jani moja na mzizi mmoja, muuweke hapo hapo mtoni kati ya kurasa za gazeti kuukuu, mbane kwa mbao mbili na kuubadilishia gazeti kila siku hadi ukauke kabisa. Pembeni mwandike tarehe, mahali, na jina la aliyeuona. Sampuli ya namna hiyo ofisi yoyote itaipokea, na mzee ataweza kuishika mkononi kikaoni bila kumhatarisha mtu.